Gridi Ndogo ya Umeme Safi: Vibali, Bei na Kinga Kabla ya Kusimamisha Nguzo

Gridi ndogo ni mtambo wa kuzalisha umeme pamoja na nguzo, nyaya na mita zake, unaohudumia kitongoji, kijiji au kisiwa bila kuunganishwa na gridi ya Taifa. Mtambo wenyewe waweza kuwa wa jua, wa maporomoko ya maji, wa mabaki ya mimea au wa upepo. Mwongozo huu unahusu Tanzania Bara na umeandaliwa kwa ajili ya mtu wa kawaida anayetaka kuanzisha mradi wa aina hiyo: kikundi cha wanakijiji, ushirika, taasisi ya dini yenye shule na zahanati, au mfanyabiashara wa mtaji mdogo. Zanzibar ina msimamizi wake, ZURA, na shirika lake la umeme, ZECO, kwa hiyo taratibu zinazoelezwa hapa hazitumiki huko.

Kwa nini sheria itangulie vifaa

Paneli, betri na inveta hununuliwa kwa siku chache. Kinachoua miradi mingi hakimo kwenye vifaa hivyo. Kimo katika maswali matatu ambayo hayakujibiwa mapema: nani ametoa haki ya kuzalisha na kuuza umeme mahali hapo, uniti itauzwa kwa bei gani na nani ana mamlaka ya kuibadilisha, na itakuwaje siku nguzo za TANESCO zitakapofika.

Swali la tatu limekuwa zito kuliko zamani. Tanzania Bara ina vijiji 12,318, na kupitia miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA) gridi ya Taifa imefika katika takriban vyote. Kufika kijijini, hata hivyo, si kufika kila nyumba. Nguzo nyingi huishia senta, penye shule, zahanati na maduka, huku vitongoji vya pembeni vikibaki gizani. Nchi ina vitongoji 64,359, na kazi kubwa ya REA sasa ni kuvifikia hivyo. Kwa hiyo anayejenga gridi ndogo leo hujenga kitongojini au kisiwani, mara nyingi akiwa kilomita chache tu kutoka waya wa Taifa. Kudhani kwamba waya huo hautasogea ni kosa la kwanza na la gharama kubwa kuliko yote.

SANDUKU: Nani anashughulikia nini

- EWURA: msimamizi wa huduma za nishati na maji. Hutoa leseni, husajili miradi midogo, huidhinisha bei, husikiliza malalamiko, na hutoa leseni za mafundi umeme.
- REA: iliundwa kwa Sheria ya Nishati Vijijini ya 2005. Hutoa ruzuku kupitia Mfuko wa Nishati Vijijini, nayo ndiyo yenye ramani ya maeneo yatakayopelekewa gridi.
- TANESCO: mmiliki wa gridi ya Taifa, na mnunuzi wa umeme wa mzalishaji mdogo pale anapounganishwa nayo.
- NEMC: mazingira.
- Bodi ya Maji ya Bonde: kibali cha kutumia maji. Nchi ina mabonde tisa, yakiwamo Pangani, Rufiji na Ziwa Nyasa.
- BRELA na TRA: usajili wa kampuni na namba ya mlipakodi (TIN).
- TBS: ubora wa vifaa.
- Serikali ya kijiji na halmashauri ya wilaya: ardhi, ujenzi na ridhaa ya wananchi.

Mradi uko kundi gani

Sheria ya Umeme ya 2008 na kanuni za miradi midogo zilizotungwa chini yake huigawa miradi kwa ukubwa. Kundi la mradi ndilo linaloamua uzito wa karatasi, kwa hiyo lijulikane kabla ya kujaza fomu yoyote.

Paneli ya nyumbani, taa za jua na mfumo wa duka moja havimo katika makundi haya. Mwenye navyo hauzi umeme kwa wengine, hivyo hahitaji leseni. Kinachomhusu ni ubora wa kifaa na fundi aliyekifunga.

Mzalishaji wa chini ya kilowati 100 huitwa mzalishaji mdogo sana. Kuanzia kilowati 100 hadi megawati 10 ni mzalishaji mdogo. Katikati ya makundi hayo kuna mpaka mwingine wenye maana kubwa kuliko majina: megawati 1. Mradi ulio chini ya mpaka huo umesamehewa leseni, lakini haukusamehewa usajili. Unaouzidi unahitaji leseni kamili, na maombi yake hutangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze.

Msamaha huo hueleweka vibaya mara nyingi. Mtu husikia "hakuna leseni" akadhani hakuna anayemsimamia. EWURA bado ina mamlaka juu ya usalama, ubora wa umeme na malalamiko ya wateja wake, na asiyesajiliwa hana pa kushika siku ya kudai fidia.

Hatua za kufuata

1. Kuuliza kuhusu gridi kabla ya jambo lolote. Mwombaji aandike barua kwa meneja wa TANESCO wa wilaya na nyingine REA, akitaja kijiji na kitongoji kwa jina, na kuuliza kama eneo limo kwenye mpango na kwa mwaka upi. Majibu yawe ya maandishi. Maneno ya mdomo ya ofisa, hata akiwa mkweli kabisa, hayabebwi benki.

2. Kupata ridhaa ya kijiji. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa watu wazima wote. Saini ya mwenyekiti na mtendaji peke yake haitoshi. Muhtasari wa mkutano uonyeshe tarehe, mahudhurio yenye majina na saini, ukubwa wa eneo lililotolewa, muda wake, na masharti. Mwekezaji asiye raia hapewi ardhi ya kijiji moja kwa moja, hana budi kupitia taratibu za uwekezaji.

3. Kushughulikia njia ya nguzo. Eneo la mtambo ni dogo, lakini nyaya hupita mashambani mwa watu. Kila mwenye shamba aridhie kwa maandishi, na mti wa mkorosho au mwembe utakaokatwa uthaminiwe kabla shoka halijaletwa. Nguzo zikipita kwenye hifadhi ya barabara ya wilaya, ruhusa hutoka TARURA. Kwa barabara kuu ni TANROADS.

4. Kuunda chombo chenye uhai kisheria. Kampuni husajiliwa BRELA, na ushirika husajiliwa kwa mrajis wa vyama vya ushirika. Kikundi kisichosajiliwa hakiwezi kumiliki mali, kushtaki wala kupokea ruzuku.

5. Kupata haki ya chanzo. Mradi wa maji unahitaji kibali cha bodi ya bonde. Aombaye apime mtiririko wa mto wakati wa kiangazi pia, kwa kuwa mto unaonguruma mwezi wa Aprili huweza kuwa kijito mwezi wa Oktoba, na bodi hutanguliza maji ya kunywa na ya mazingira.

6. Kupata uamuzi wa NEMC. Mradi huandikishwa kwanza, kisha NEMC huamua kama unahitaji tathmini kamili ya athari kwa mazingira au taarifa fupi. Betri zisisahaulike: maelezo yaseme zitapelekwa wapi zikifa, hasa za risasi na asidi.

7. Kusanifu kwa viwango vya Taifa. Volti 230, hezi 50, nguzo na nyaya zinazokubalika TANESCO. Ramani na hesabu zisainiwe na mhandisi aliyesajiliwa, na kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA.

8. Kujisajili au kuomba leseni EWURA. Maombi huwasilishwa kwa mfumo wa mtandaoni wa EWURA uitwao LOIS. Viambatisho ni matokeo ya hatua zote zilizotangulia, na kukosekana kwa kimoja hurudisha faili nyuma.

9. Kuwasilisha hesabu ya bei na kuomba ruzuku. Mambo haya mawili huenda pamoja, kama inavyoelezwa hapa chini.

Bei: mahali penye mvutano

Mteja wa TANESCO wa kundi la matumizi madogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Bei hiyo haitokani na gharama ya kumfikia yeye. Inawezekana kwa sababu viwanda na wateja wakubwa wa mjini hubeba sehemu ya mzigo wake. Gridi ndogo haina kiwanda cha kubebesha mzigo. Ina nyumba mia chache zinazowasha taa tatu, zinazochaji simu na kuangalia televisheni usiku.

Mfano ufuatao ni wa kubuni, lakini hesabu yake ndiyo ya kila mahali. Kitongoji kina wateja 300, na kila mmoja anatumia uniti 8 kwa mwezi. Mauzo ya mwaka ni uniti 28,800. Mishahara, ulinzi, matengenezo na akiba ya betri mpya ni shilingi milioni 18 kwa mwaka, na marejesho ya mkopo ni milioni 20. Jumla ni milioni 38. Ikigawanywa kwa uniti zilizouzwa, kila uniti inapaswa kuuzwa takriban shilingi 1,319 ili mradi usife.

Sasa waongezwe wateja wa mchana: mashine ya kusaga, fundi wa kuchomelea na jokofu la samaki, kwa pamoja uniti 1,500 kwa mwezi. Mauzo ya mwaka yanakuwa uniti 46,800, na bei inashuka hadi takriban shilingi 812, bila senti ya ruzuku na bila kuongeza paneli nyingi, kwa kuwa umeme wa mchana hauhitaji kulala kwenye betri. Hakuna uamuzi wa mradi unaoshusha bei kwa haraka namna hii. Anayepanga gridi ndogo aanze kwa kuhesabu mashine, kisha nyumba.

Kanuni za Tanzania zilijengwa juu ya wazo kwamba bei ya gridi ndogo inaweza kuakisi gharama yake halisi. Miradi mikubwa iliwasilisha hesabu EWURA. Ile isiyozidi kilowati 100 iliachiwa kupanga bei bila idhini ya awali, huku EWURA ikiwa na haki ya kuingilia iwapo asilimia 15 ya wateja wangelalamika. Ulikuwa utaratibu wa busara, na nchi nyingine za Afrika ziliutazama kwa makini. Nigeria, katika kanuni zake za 2016, ilichukua njia inayofanana nao: bei waliyokubaliana mwendeshaji na asilimia 60 ya wateja huheshimiwa.

Mwaka 2020 serikali iliagiza gridi ndogo binafsi ziuze umeme kwa shilingi 100 kwa uniti, sawa na mteja mdogo wa TANESCO. Wanakijiji walipata nafuu, na nafuu hiyo ilikuwa haki yao kuitamani: hakuna sababu ya mtu wa kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Victoria, kulipa mara nyingi zaidi ya mtu wa jijini Mwanza kwa taa ileile. Lakini pengo kati ya shilingi 100 na gharama halisi halikujazwa, na wawekezaji wakasita. Agizo la bei lisiloambatana na fedha ya kulijaza humpunguzia mteja wa leo na kumnyima umeme mteja wa kesho.

Anayepanga mradi sasa ana mambo manne ya kufanya kuhusu bei:

- Aombe EWURA kanuni ya bei inayotumika sasa, kwa maandishi, kabla ya kusaini mkopo.
- Apige hesabu mbili, moja ya bei inayorudisha gharama na nyingine ya bei ya TANESCO, kisha aonyeshe REA tofauti kati yake. Tofauti hiyo ndiyo ruzuku anayoiomba.
- Awaeleze wananchi bei zote mbili mkutanoni, na muhtasari uonyeshe kwamba zimeelezwa.
- Atumie mita za malipo ya kabla. Mteja aliyezoea LUKU, mita ya aina hiyo ya TANESCO, hugombana kidogo na mita anayoilisha mwenyewe kuliko na ankara ya mwisho wa mwezi.

Gridi ya Taifa ikifika

Sri Lanka ilikuwa na zaidi ya gridi ndogo 250 za maji zilizojengwa na wanavijiji. Gridi ya Taifa ilipofika, takriban 100 zilizimwa, kwa sababu hazikuwa na haki ya kuuza kwake wala viwango vya kuunganishwa nayo. Kambodia ilifuata njia nyingine. Gridi zaidi ya 250 zilizokuwa zikitumia jenereta za dizeli zilipewa leseni za usambazaji, zikanunua umeme wa jumla kutoka gridi, na zikaendelea kuwahudumia wateja walewale. Waya wa Taifa ulifika katika nchi zote mbili. Kilichotofautiana ni kanuni, na kama ilikuwapo kabla ya waya.

Kanuni za Tanzania humpa mwenye gridi ndogo njia hizi:

1. Kuuza umeme wake wote kwa TANESCO kwa mkataba sanifu wa mzalishaji mdogo.
2. Kuacha kuzalisha, kununua umeme wa jumla kutoka TANESCO na kuwauzia wateja wake kama msambazaji mdogo.
3. Kuchanganya hayo mawili: kuendelea kuzalisha na kuiuzia TANESCO, huku akiwasambazia wateja wake.
4. Kukabidhi mtandao wa nyaya kwa fidia, kwa thamani iliyopunguzwa uchakavu.
5. Kung'oa mitambo na kuihamishia kwingine.

Njia ya tatu si ndoto. Mradi wa maji wa Mwenga huko Mufindi, wenye megawati 4, ulianza kufanya kazi mwaka 2012. Unauza umeme kwa TANESCO na wakati huohuo unasambaza kwa vijiji vinavyouzunguka. Mauzo ya gridi huweka mfuko imara, na vijiji hupata huduma ambayo peke yake isingelipia mtambo.

Kwa mradi wa jua wa kilowati 50, njia ya kwanza mara nyingi haina faida, kwani bei ya jumla ya TANESCO ni ndogo mno kwa umeme uliohifadhiwa kwenye betri. Mwenye mradi wa namna hiyo ajipange kwa njia ya nne na ya tano: paneli na betri viwe ndani ya kontena au fremu zinazofunguka, na nyaya ziwe za kiwango ambacho TANESCO itakubali kuzirithi. Waya mwembamba uliofungwa kwenye mti wa porini haulipwi fidia na mtu yeyote.

ONYO. Fidia hudaiwa kwa karatasi. Risiti za ununuzi, tarehe ya kuwasha mtambo, ramani ya nguzo, orodha ya mali na mchanganuo wa kilicholipiwa kwa ruzuku na kwa fedha ya mwenye mradi vihifadhiwe tangu siku ya kwanza, nakala moja ikiwa nje ya eneo la mradi.

Makosa yanayorudiwa

Kosa la kawaida kabisa ni kununua vifaa kwa msamaha wa kodi uliosikika mwaka uliopita. Sheria ya Fedha hutungwa kila mwaka na orodha ya vifaa vilivyosamehewa hubadilika nayo. Kenya ilirudisha VAT kwenye vifaa vya jua mwaka 2020 na kuiondoa tena 2021, na waliokuwa wameagiza mizigo katikati walilipa tofauti. Orodha iangaliwe TRA wiki ya kuagiza. Mara nyingi paneli husamehewa huku nyaya na nguzo zikilipiwa.

Lingine ni kumwachia mfadhili kila kitu. Mradi uliojengwa na shirika na kukabidhiwa kijiji bila akiba ya betri hufa betri zinapochoka. Akiba hiyo iwe na akaunti yake, yenye watia saini watatu, na isiguswe kwa sherehe wala dharura ya mwenyekiti.

Kosa la tatu ni kusahau wapangaji, wajane na kaya zisizo na hati. Wakikosa kuhesabiwa mwanzoni, hujiunganishia wenyewe usiku, na ajali hufuata.

Orodha ya kukagua kabla ya kutoa pesa ya kwanza

☐ Majibu ya maandishi ya TANESCO na REA kuhusu mpango wa gridi
☐ Muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji wenye mahudhurio
☐ Hati au mkataba wa eneo la mtambo, na ridhaa za njia ya nguzo
☐ Cheti cha usajili wa kampuni au ushirika, na TIN
☐ Uamuzi wa NEMC. Kwa maji, kibali cha bodi ya bonde
☐ Michoro yenye saini ya mhandisi
☐ Uthibitisho wa EWURA: usajili au leseni
☐ Hesabu za bei mbili, na wateja wa mchana wakitajwa mmoja mmoja
☐ Njia iliyochaguliwa gridi ikifika
☐ Akaunti ya akiba ya betri au ya mashine ya maji

Umeme ukishawaka

Mwendeshaji aweke daftari la kukatika kwa umeme, malalamiko na matengenezo. Mteja asiyeridhika huanza kwa mwendeshaji, kisha EWURA, na asiporidhika na uamuzi hukata rufaa katika Baraza la Ushindani. Baraza la watumiaji la EWURA, lijulikanalo kama EWURA CCC, humsaidia mteja asiyejua pa kuanzia, na namba yake ya simu inapaswa kubandikwa ukutani pale mita zinapouzwa. Daftari hilohilo humlinda mwendeshaji mkweli, kwani malalamiko yasiyo na kumbukumbu huamuliwa kwa kelele.

Kanuni za miradi midogo zimeandikwa upya mara kadhaa tangu utaratibu huu uanze mwaka 2008, yakiwamo matoleo ya 2015 na 2018, na zitabadilika tena. Nakala zake hupatikana bure kwenye tovuti ya EWURA na katika ofisi zake za kanda. Msomaji aichukue inayotumika sasa na kuisoma mwenyewe kabla ya kumlipa mshauri yeyote.